Mkaa Huu Unachoka Lini?

Nilikuwa kidato cha tatu nilipokabidhiwa meza yangu ya kwanza kwenye maonesho. Shule kadhaa za wilaya zilikusanyika ukumbini, upande mmoja kazi za sayansi, upande mwingine michoro na vinyago. Mimi nikapewa chujio la maji: ndoo ya plastiki iliyotobolewa kitako, ndani yake kokoto, mchanga mnene, mchanga laini na tabaka la mkaa uliopondwa. Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa na picha mbili za mto wa kwao, kabla na baada ya watu kuanza kuoshea magari ndani yake. Kwa wiki mbili nzima tulikuwa tumekaririshwa maelezo. Yangu niliyajua hata ningeamshwa usiku wa manane.

Siku ya pili, adhuhuri, akaja mama mtu mzima, khanga moja kiunoni na nyingine begani, kikapu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza akainama, akachungulia ndani ya ndoo, akauliza kwa upole: "Mwanangu, nimekuelewa vizuri. Sasa huu mkaa unachoka lini?"

Sikuwa na jibu. Katika karatasi niliyokariri hapakuwa na mkaa unaochoka. Nikaanza upya: kokoto, mchanga mnene, mchanga laini. Yule mama akasubiri nimalize kwa mara ya pili, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akuzidishie," akachukua kikapu chake akaenda zake.

Swali lile nimelibeba mpaka leo, maana lilikuwa bora kuliko maelezo yangu yote. Mkaa una vitundu vidogo mno, na baadhi ya rangi, harufu na kemikali za majini hung'ang'ania kwenye kuta za vitundu hivyo. Nafasi zikijaa, mkaa haushiki tena. Maji hupita na vilivyomo. Kwa hiyo mkaa huchoka kweli. Mama aliyepikia mkaa maisha yake yote alijua kwamba kila kinachofanya kazi kina siku yake ya kuchoka, na akauliza lile ambalo mtaalamu wa maji angeuliza kwanza. Ambaye hakuwa tayari ni mimi, niliyekuwa na beji kifuani ya kupokea wageni.

Makala haya yanahusu kazi ile ya beji kifuani. Ni kazi ambayo kwetu hupewa kijana kama nyongeza, amalize siku, apewe soda na cheti. Nimekuja kuamini kwamba ni moja ya shule bora ambazo kijana anaweza kupitia, na kwamba maonesho yetu ya sayansi na sanaa yatabaki bubu mpaka tuichukulie hivyo.

Vizibao vya rangi ya chungwa

Kuna makumbusho moja mjini San Francisco, Marekani, ambayo iliitambua thamani ya kazi hii tangu siku ya kwanza. Inaitwa Exploratorium. Ilifunguliwa mwaka 1969 ndani ya Palace of Fine Arts, jumba lililojengwa kwa ajili ya maonesho makubwa ya kimataifa ya mwaka 1915. Mwaka 2013 ikahamia ufukweni, kwenye gati namba 15, ambako iko hadi leo.

Mgeni akiingia humo hakuti vitu vilivyofungiwa kwenye kabati za vioo. Anakuta vyombo vya kushika, kuzungusha, kupuliza na kutazama, vingi vikiwa vimetengenezwa papo hapo katika karakana ambayo wageni wenyewe wanaiona ikifanya kazi. Wanaomkaribisha katikati ya vyombo hivyo ni vijana waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa, wengi wao bado wanafunzi wa sekondari. Cheo chao kwa Kiswahili ningekifasiri kuwa wafafanuzi. Walikuwapo tangu makumbusho ilipofunguliwa, wanapewa mafunzo, na wanalipwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni namna walivyochaguliwa. Mwanzilishi hakutaka kukusanya vinara wa fizikia peke yao. Alitaka vijana wa kila namna, wa mitaa na nyumba tofauti, na wenye alama nzuri na za kawaida. Alielewa kwamba anayemfaa mgeni zaidi ni yule ambaye bado anakumbuka hali ya kutokujua. Profesa amesahau siku alipokuwa haelewi kwa nini kivuli hugeuka. Kijana wa miaka 16 anaikumbuka, kwa sababu ilikuwa wiki iliyopita.

Jicho la ng'ombe mezani

Kazi mashuhuri kuliko zote ya wafafanuzi hao ni kupasua jicho la ng'ombe mbele ya wageni. Nitaieleza kwa kirefu, maana ndani yake ufundi wote wa kuongoza wageni unaonekana.

Jicho limetoka machinjioni, lina mafuta na misuli pembeni. Watoto wanakunja nyuso, mtu mzima mmoja anarudi nyuma hatua mbili. Mfafanuzi hawacheki. Anaanza na kile ambacho kila mtu anakiona: utando mgumu wa mbele, ambao kwa ng'ombe aliye hai hupitisha mwanga kama kioo. Anaukata, majimaji yanatoka. Anaonesha mboni, na wengi hapo ndipo wanapogundua kwa mara ya kwanza kwamba mboni ni tundu tu, mlango ambao mwanga unapita kuingia ndani.

Kisha anatoa lenzi. Ni kitu kinachotelezateleza, mviringo, mfano wa tone kubwa la gundi. Likiwa bado bichi na angavu, anaweza kuliweka juu ya gazeti na herufi zikaonekana zimekua. Anamwambia mtoto alitazamie dirisha, na mtoto anashangaa kuona dirisha limepinduka, juu chini. Hapo mfafanuzi mzuri hunyamaza. Anamwacha mtoto aulize mwenyewe: mbona basi ng'ombe haoni dunia imepinduka? Na mbona mimi siioni imepinduka? Swali hilo linatoka machoni na kuingia kwenye ubongo, na mtoto amelifikia kwa miguu yake.

Nyuma kabisa ya jicho upo ukuta unaong'aa, rangi ya buluu na kijani kama ya gamba la chaza. Binadamu hatuna ukuta huo. Ng'ombe, mbwa, paka na fisi wanao. Unaurudisha mwanga uliokwisha kupita, ili jicho liutumie mara ya pili gizani, na ndiyo maana macho ya ng'ombe huwaka yakimulikwa na taa za gari usiku. Mtoto wa mfugaji ameyaona macho hayo mara nyingi kuliko mtoto wa mjini. Akisimama kwenye meza ile, yeye ndiye mwenye ushahidi, na mfafanuzi anayejua kazi yake atampa nafasi autoe.

Mwisho anauvuta ule utando mwembamba unaopokea picha. Unakusanyika wote kama karatasi laini iliyolowa, lakini haung'oki. Umeshikwa mahali pamoja tu, pale mishipa yote inapotokea kuelekea ubongoni. Mahali hapo hapapokei mwanga, kwa hiyo kila jicho lina doa lisiloona. Msomaji anaweza kulitafuta lake sasa hivi. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na kulia kwake, umbali wa sentimita saba hivi, chora nukta. Funga jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa jicho la kulia, kisha usogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika karibu sentimita 25, nukta itapotea.

Kijana aliyefanya kazi hiyo mbele ya watu mia kwa siku amejifunza anatomia, ndiyo. Lakini amejifunza pia kumtuliza anayeogopa, kumzuia kwa adabu anayejua kila kitu, na kumngoja yule mwenye haya aliyesimama nyuma mpaka naye aseme neno.

Mtu aliyefukuzwa maabara

Mwanzilishi wa Exploratorium aliitwa Frank Oppenheimer. Kaka yake, Robert, ndiye aliyeongoza maabara ya Los Alamos iliyounda bomu la atomiki. Frank naye alikuwa mwanafizikia katika mradi huohuo, na tarehe 16 Julai 1945 alikuwapo jangwani New Mexico bomu la kwanza lilipojaribiwa. Baada ya vita, mwaka 1949, alihojiwa na kamati ya bunge la Marekani kwa sababu ya uanachama wake wa zamani katika chama cha kikomunisti, akapoteza kazi yake ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Milango ya vyuo ikafungwa. Akahamia na familia yake karibu na mji mdogo wa Pagosa Springs, Colorado, akawa mfugaji wa ng'ombe kwa karibu miaka kumi.

Ualimu ulimrudia kupitia mlango mdogo. Mwaka 1957 aliajiriwa kufundisha sekondari ya mji huo, na alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kwenye jalala la mji kuokota vyuma na mashine mbovu, wavifungue na kujua jinsi vinavyofanya kazi. Alipokubaliwa tena chuo kikuu, huko Colorado, alitengeneza maktaba ya majaribio ambayo mwanafunzi angeweza kuyaendea kwa saa zake mwenyewe. Kisha, katikati ya miaka ya 1960, akatembelea makumbusho za Ulaya. Paris alikuta Palais de la Découverte, iliyofunguliwa mwaka 1937, ambako wanafunzi vijana walikuwa wakionesha majaribio ya kweli mbele ya umma. Aliporudi kwao alikuwa na wazo kamili.

Mtu huyu alikuwa ameiona sayansi ikitumika kwa siri, nyuma ya seng'enge, na matokeo yake yakaanguka juu ya watu ambao hawakuulizwa. Ninavyoielewa kazi yake ya baadaye, alitaka kinyume cha hayo: mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuigusa dunia kwa mkono wake na kujua kwamba inaeleweka. Alipenda kukumbusha kwamba hakuna mtu aliyewahi kufeli makumbusho. Alifariki mwaka 1985, na vizibao vya chungwa vingali vinavaliwa.

Duara za mwanga chini ya mwembe

Oppenheimer hakutenga sayansi na sanaa. Miongoni mwa kazi za kwanza zilizooneshwa pale mwaka 1969 ni maonesho ya sanaa na kompyuta, Cybernetic Serendipity, yaliyokuwa yameandaliwa London mwaka uliotangulia na Jasia Reichardt. Tangu hapo wasanii wamekuwa wakikaribishwa kufanya kazi bega kwa bega na wanasayansi.

Mmoja wao, Bob Miller, alitengeneza mchoro wa jua: miale inayoingizwa ndani ya jumba, ikapitishwa kwenye miche ya kioo na vioo vya kujitazamia, ikatandaza rangi ukutani. Mgeni akipita, kivuli chake kinaingia mchoroni. Miller huyohuyo alikuwa akiwatembeza watu nje na kuwaonesha jambo ambalo sisi tulilikuta na hatukuliuliza. Keti chini ya mwembe mchana wa jua kali, utazame ardhi. Mianya ya majani haina umbo maalumu; mingine ni ya pembetatu, mingine kama nyufa. Lakini madoa mengi ya mwanga chini ni duara. Kwa nini?

Kwa sababu kila doa ni picha ya jua. Mwanya mdogo hupitisha miale kutoka kila upande wa jua, na miale hiyo ikifika ardhini hulichora jua lenyewe. Ushahidi ni rahisi. Toboa tundu dogo la pembetatu kwenye karatasi ngumu, lisizidi punje ya mchele. Likiwa karibu na ardhi, mwanga una pembe tatu. Inua karatasi mpaka kichwani, na pembe zinapotea. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakafurika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, aliyeinamisha macho chini ya mti wenye majani angeyaona madoa yale yote yamegeuka hilali ndogondogo, na jua lilipokuwa kipete, nayo yakawa vipete.

Kazi nyingine ninayoipenda ni ya Fujiko Nakaya, msanii wa Japani ambaye malighafi yake ni ukungu. Mwaka 2013, Exploratorium ilipohamia gatini, alilivisha daraja la hapo ukungu uliotengenezwa kwa maji safi yanayosukumwa kwa nguvu kupitia matundu membamba. Mtu anaingia darajani anaona, baada ya hatua chache haoni hata mkono wake, upepo ukigeuka anaona tena. Baba yake, Ukichiro Nakaya, alikuwa mwanafizikia, na mwaka 1936 alifanikiwa kuotesha chembe ya theluji maabara, ikining'inia kwenye unywele wa sungura. Baba alichunguza maji yanavyoganda angani. Binti akawaingiza watu ndani ya maji yanayoelea angani.

Kazi kama hizi zinamhitaji kijana kuliko hata jicho la ng'ombe. Mbele ya chombo cha sayansi mgeni huuliza, "Kinafanyaje kazi?" Mbele ya kazi ya sanaa huuliza, "Kina maana gani?" Mbele ya ukungu juu ya daraja maswali yote mawili huja pamoja, na mengine hayana jibu moja. Kijana asiye na mafunzo atatoa hotuba. Aliyefundishwa atauliza: "Wewe umeona nini ulipofika katikati?"

Kitendawili na mji

Ufundi huo si mgeni kwetu. Bibi zetu waliujua bila kizibao. Jioni mtu akisema "Kitendawili!" na wenzake wakaitikia "Tega!", kuna mambo mawili yanayofuata. La kwanza, mtegaji halitoi jibu papo hapo, hata kama anaulizwa kwa kubembelezwa. Anawaacha watu wapapase, wakose, wacheke, wajaribu tena. La pili, wakishindwa kabisa anadai mji, wanampa Unguja au Mombasa, anautawala kwa maneno matamu kidogo, kisha anafumbua. Aliyeshindwa hakuaibishwa. Ametoa mji, na amebaki barazani.

Mwongoza wageni mzuri ni mtegaji wa namna hiyo. Anajua wakati wa kunyamaza na wakati wa kupokea mji. Tofauti yake na bibi ni kwamba vitendawili vingine vya sayansi hata mtegaji mwenyewe hajui jibu, na hapo linahitajika neno ambalo shule zetu zimetufundisha kuliogopa: sijui. "Sijui, hebu tutazame." Katika kazi ya kupokea wageni maneno hayo ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Mgeni akiyasikia, mabega yanashuka. Anagundua kwamba hajaja kupimwa, na kwamba yule kijana hajaja kumpima.

Kijana naye hubadilika. Utafiti wa Judy Diamond na wenzake, uliochapishwa mwaka 1987, uliwafuata wafafanuzi wa zamani wa Exploratorium. Waliueleza muda wao pale kuwa uliwaongezea hamu ya kujifunza, ujasiri na uwezo wa kuzungumza na watu. Siyo wote waliokuwa wanasayansi, wala hilo halikuwa lengo. Walipata kitu ambacho mtihani hautoi: uzoefu wa kueleza jambo moja kwa mtoto wa miaka sita, kwa babu asiyesikia vizuri na kwa mhandisi, mfululizo, na kuona kwa macho yao lini wameeleweka.

Nisiipambe kazi hii kupita kiasi. Ni kazi ya miguu. Unasimama tangu asubuhi, sauti inakauka, unajibu "choo kiko wapi" mara nyingi kuliko unavyojibu kuhusu mwanga. Watoto wa shule huja mabasi matatu kwa mpigo, mwalimu wao ana haraka, na wewe una dakika nne. Kuna wageni wanaomkatiza msichana wakamuuliza mvulana aliye pembeni yake, hata kama msichana ndiye aliyekitengeneza chombo. Kijana anahitaji msimamizi atakayesimama upande wake hapo, kiti cha kupumzikia, chakula cha mchana na malipo. Anayefanya kazi bure kwa wiki nzima ni yule ambaye nyumbani kwao hawahitaji kipato chake, na tukiendelea hivyo tutawapokea wageni kwa vijana wa aina moja tu.

Fuvu lililoko Dar es Salaam

Nyumbani hatupungukiwi na vitu vya kuonesha. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam ndiyo mlezi wa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake ni karibu miaka milioni 1.75. Mtoto yeyote mwenye akili zake akiambiwa hivyo atauliza: nani alihesabu?

Hapo kijana aliyekariri atarudia tarakimu. Kijana aliyefundishwa kufikiri atamchukua mtoto safari ndefu. Atamweleza volkano zilizokuwa zikitema majivu juu ya Olduvai, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya majivu kuna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, polepole kiasi kwamba nusu yake huchukua karibu miaka bilioni 1.25 kutoweka. Majivu yakiwa moto, gesi ya zamani hutoroka. Yakipoa, gesi mpya hunaswa ndani ya chembe za fuwele, na saa inaanza kuhesabu. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopima gesi hiyo, umri wa Zinj ukajulikana. Berkeley inatazamana na San Francisco, ng'ambo ya ghuba ileile ambayo vijana wa vizibao vya chungwa hufanya kazi kando yake. Fuvu letu na meza zao vimekuwa majirani siku nyingi.

Vijana nao hatupungukiwi. Tangu mwaka 2012 Young Scientists Tanzania imekuwa ikiwakutanisha wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, wakisimama mbele ya kazi zao wenyewe na kuzieleza kwa umma. Nikiwatazama vijana wa namna hiyo huwa naona tayari wana nusu ya ufundi: wanakipenda wanachokieleza. Nusu inayobaki ni kumsikiliza aliye mbele yao.

Na hapo lugha inaingia. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania amefundishwa kazi yake kwa Kiingereza, ameiandika kwa Kiingereza, na majaji mara nyingi humsikiliza kwa Kiingereza. Anayekuja mchana na kikapu anazungumza Kiswahili. Kijana anapotafuta njia ya kuvuka daraja hilo, anagundua kama kweli ameelewa, kwa sababu neno la kitabuni aliloliegemea halipo tena. Lazima aseme kinachotokea. Na mara nyingi mgeni ndiye atakayempa neno. Mimi kitabu kilinipa majina ya matabaka. Yule mama alinipa kitenzi, kuchoka, na sijapata mpaka leo neno linaloeleza vizuri zaidi kinachoupata mkaa ndani ya chujio.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa maonesho, iwe ya shule, ya makumbusho au ya viwanja vya Sabasaba na Nanenane, ni hili. Wachagueni vijana kwa mchanganyiko wao, msiangalie alama peke yake. Walipeni. Siku za mafunzo zitumieni kuwafundisha kuuliza na kungoja, na maelezo ya kukariri yapunguzeni mpaka yatoshe kwenye kadi moja. Wekeni daftari kila meza, la kuandika maswali yaliyowashinda, na jioni yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa heshima, kama mavuno ya siku. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake amesema "sijui" mbele ya wageni asimkazie macho. Amtafutie kiti, wakae, walitafute pamoja.

Ndoo ileile

Mara nyingi nimerudi kichwani kwenye ukumbi ule. Ndoo ipo, mkaa upo, mama ameinama anachungulia. Najua sasa ambacho ningefanya, na hakikuhitaji elimu niliyokuwa sina.

Ningesema: "Mama, hilo sijui. Tujaribu?" Ningeomba chai ya rangi kwa mama ntilie aliyekuwa nje ya ukumbi, niichanganye na maji, nimimine kikombe cha kwanza. Kingetoka cheupe. Cha pili nacho kingetoka cheupe. Ningempa yeye amimine cha tatu, na mwenzangu wa meza ya jirani angeacha picha zake za mto aje kuchora rangi ya kila kikombe kwenye karatasi, kimoja baada ya kingine, mpaka kile ambacho kingeanza kutoka na weusi wa chai. Tungehesabu vikombe. Tungeandika namba kubwa, tukaibandika kwenye ndoo, na kila mgeni aliyefuata angejua kwamba mkaa kiasi kile, kwa chai ile, unachoka kwenye kikombe hicho. Na chini ya namba tungeandika kwamba swali liliulizwa na mgeni.